Paipu za Chuma kwa Safari ya Kibakwe

30 Novemba, Jumamosi

Mpira wa rejeta umepasuka leo nikiwa peke yangu barabarani. Mwandiko huu si wangu, ni wa mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikuwa natoka Kibakwe kumwona mdogo wangu Evelina. Milima yote nilikwishaiacha nyuma, Mpwapwa nimeipita, nikaanza kujipongeza kwa sauti kama ilivyo tabia yangu nikiwa peke yangu garini. Karibu na Mbande nikasikia kishindo mbele, kioo kikawa cheupe chote. Mvuke. Nilisimamisha gari nikatoka mbio, na nilipopata akili nilikuwa ng'ambo ya barabara nimeshika viatu mkononi. Dereva mmoja wa lori la alizeti akasimama, akangoja injini ipoe, akafungua boneti akanionyesha: ule mpira wa juu unaopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini kwenda kupozwa kwenye rejeta ulikuwa umechanika.

"Mpira umezeeka tu, mama. Hata sisi tunazeeka," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Yeye hajui. Mwaka jana, wakati wa mvua, Evelina alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza kule Kibakwe, wakakodi gari la mtu limshushe hospitali ya Mpwapwa. Gari likachemsha mlimani. Wakakaa kando ya njia wakingoja injini ipoe na kutafuta maji. Walipofika hospitali Evelina alipasuliwa, yeye akapona, mtoto hakupona. Daktari akamwambia mimba ijayo asithubutu kuzalia mbali na chumba cha upasuaji.

Sasa ana mimba tena. Ndilo aliloniitia. Nilimkuta na gauni pana, kitenge juu yake, na juu ya kitenge sweta, kwenye jua lile. Nikamuuliza atajifungua mwezi gani.

"Mwisho wa Machi, dada. Lakini usimwambie mtu. Tumbo halitangazwi."

Tumekubaliana nipande mwanzoni mwa Machi nimchukue, akae kwangu Ipagala, Dodoma, mpaka siku yake. Gari litakalomshusha ni langu hili hili. Katika ukoo wetu hakuna jingine.

2 Desemba, Jumatatu

Nimepitia gereji ya Athuman, Chang'ombe. Amefunga mpira mpya. Nikauminya kwa vidole, laini kama sikio.

"Fundi, huu si laini mno?"

"Ni mpira, dada Debora. Ulitaka uwe mgumu kama nini?"

"Kama chuma."

Wenzake wote wakageuka kunitazama. "Mpira ukishakuwa mgumu ndio umeoza," akasema. "Huu ni mpya kabisa. Utakaa miaka."

"Na ule uliopasuka nao ulikuwa mpya siku moja."

Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa.

6 Desemba

Jua. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanageuka. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini nafungua boneti naupapasa mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho. Leo mlinzi wetu, mzee Wambura, ameniuliza, "Mama, naona unalipapasa kama mkunga. Limefikisha miezi mingapi?" Nimecheka mpaka getini. Kisha nikakumbuka kwa nini nalipapasa.

11 Desemba

Nimepata. Nimekwenda duka la vipuri la Rohit, la tangu babu yake, kutafuta tu kibana cha kukazia mpira, nikamweleza shida yangu yote bila kuulizwa. Rohit ni msikilizaji. Akatoa simu, akanionyesha picha ya paipu ya rejeta ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, yenye mikunjomikunjo, inayopindika.

"Hii wanafunga watu wa magari ya mashindano, dada. Unaipinda unavyotaka, lakini haichaniki."

"Joto?"

"Haisikii."

"Panya?"

"Panya atang'oka meno."

Kuna vipande vya mpira huku na huku mwishoni, pale paipu inapovaa kwenye injini na kwenye rejeta, navyo vinakazwa kwa vibana. Hivyo vipande nimevitazama sana kwenye picha. Nikamwambia aniagizie zote mbili, ya juu na ya chini. Zitachukua wiki kadhaa kufika. Usiku huu huenda nikalala.

19 Desemba

Mvua ya kwanza. Wenzangu ofisini walitoka barazani wakashangilia, na kwa kweli vumbi la Dodoma lilikuwa limetumaliza. Mimi nilibaki masijala nikiihesabia mvua ile makosa. Kila tone linaloanguka hapa, kule Kibakwe linachimba barabara.

Nimempigia Evelina. Kumpata mpaka apande kilimani kwenye mtandao. Alikuwa anahema.

"Mbona unahema hivyo?"

"Kilima, dada."

Mimba ya mwezi wa sita haihemeshi hivyo. Au inahemesha? Mimi nitajuaje.

25 Desemba

Krismasi. Nilitaka kupanda Kibakwe. Evelina amesema nisije, njia imeharibika, atakuwa na wasiwasi juu yangu. Nimekula pilau na jirani.

4 Januari

Mvua kila siku. Maji ya bomba yana chumvi mpaka chai inakataa sukari. Nimewakataza watu wote wasiguse rejeta yangu na maji hayo, naweka kulenti peke yake, ile dawa ya kijani ya kupoza injini. Nimemwomba Evelina tupigiane simu ya picha. Amesema kamera ya simu yake imekufa.

11 Januari, Jumamosi

Paipu zimefika! Nimezipakata kutoka dukani mpaka gereji. Zinang'aa, baridi, ukizipinda zinakaa ulivyozipinda. Athuman alizigeuza geuza kwenye mwanga, akazigonga kwa spana, na nikaona naye amezipenda. Mafundi wa gereji za jirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama gari ni la mbunge.

"Hizi dada utaziacha urithi," Athuman akasema. Ilimchukua asubuhi yote, maana hazikubali kulazwa popote kama mpira unavyokubali. Alipomaliza akawasha, akakanyaga mafuta, tukasimama tunatazama kama watu wa harusi.

"Injini inacheza kidogo," akasema. "Zile raba inazokalia zimechoka. Ukipata nafasi tuzibadilishe."

"Ni hatari?"

"Ah, hapana. Hizo zinangoja. Hata mwezi wa tatu."

Tukakubaliana mwezi wa tatu, kabla ya safari. Sikutaka kuliacha gari gereji hata siku moja zaidi, na yeye alikuwa na gari jingine la kumalizia. Nimerudi Ipagala nikiimba.

12 Januari

Nimelipeleka mpaka Mbande na kurudi, kwa makusudi. Nilipopita pale mpira ulipopasukia nilibana pumzi. Mshale wa joto haukutikisika. Chuma ni chuma.

20 Januari

Korongo limejaa, tumechelewa kazini nusu ofisi.

26 Januari, Jumapili

Abeli, mume wa Evelina, amelala kwangu jana. Alileta maharage sokoni Majengo. Nimempikia kuku na hakula vizuri. Nilimuuliza hali ya mke wake, akajibu "nzuri tu, shemeji." Nikamuuliza kliniki wamesemaje, akajibu "nzuri tu." Nikamuuliza kama bado ni mwisho wa Machi.

Akatazama sahani. "Ndivyo alivyokuambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Basi ni hivyo hivyo, shemeji."

Mwanaume asiyekutazama machoni ana jambo. Nadhani anataka amweke Evelina shambani mpaka palizi iishe, ndipo amlete. Alipoondoka asubuhi nikampa onyo: tarehe moja Machi nitakuwa mlangoni kwake, palizi au si palizi. Akaitikia, akasimama kidogo pale getini kama anayetaka kurudi, kisha akaenda zake. Sijawahi kumpenda sana Abeli. Leo nimepata sababu.

3 Februari

Gari lina sauti. Nikipita kwenye tuta au shimo nasikia "tik", mbele, chini ya boneti. Nimezima redio. Nimefungua vioo. Tik.

4 Februari

Athuman amesikiliza, hajasikia kitu. Bila shaka halisemi mbele ya fundi, kama mtoto anayekataa kukohoa mbele ya daktari. Lakini pale paipu ya juu inapoingia kwenye rejeta pana unyevu wa kijani, kidogo sana. Nikamwonyesha.

"Kibana kimelegea," akasema, akakikaza. Nikamwomba akikaze tena. Akakikaza tena. Nikamwambia ongeza.

"Dada, pale kwenye rejeta ni plastiki, siyo chuma."

"Ongeza kidogo tu."

Akaongeza. Unyevu umekauka. Sauti ipo.

8 Februari

Tik. Nimeota mvuke.

15 Februari, Jumamosi, Mpwapwa

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Nitaandika yote, nikiacha sehemu nitajidanganya baadaye.

Alhamisi asubuhi nilikuwa masijala, Abeli akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Shemeji, Evelina ameshikwa na uchungu."

"Uchungu gani? Huu ni mwezi wa pili!"

"Wakati wake ndio huu, shemeji. Njoo. Kituo cha afya wanasema ashuke Mpwapwa apasuliwe, gari la wagonjwa limekwenda vijiji vya ng'ambo ya mto, mto umejaa. Malori hayapandi. Njoo tafadhali."

Sikuuliza tena. Nilitoka bila mwavuli, bila kuaga. Njiani nililia kwa hasira, nikimtukana Abeli kwa majina yote niliyofundishwa shuleni na mengine niliyojifunza kwenye basi. Miezi haikosewi hivyo. Mtu amenidanganya, na nilijua ni yeye.

Baada ya Mpwapwa lami ikaisha, mvua ikaanza. Nilipanda ile milima kwa gia ya kwanza na ya pili, macho mara njiani, mara kwenye mshale wa joto. Mshale ulitulia. Kila kona niliyoikumbuka kwa kuhadithiwa, kwamba hapa ndipo gari lile lilichemsha, hapana, ni hapa, niliipita nikisema paipu zangu, paipu zangu, kama mtu anayesali. Nilifika Kibakwe gari likiwa zima.

Evelina alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mama mkwe wake, bila sweta, bila kitenge cha juu. Nikaliona tumbo. Hata mimi nisiyejua kitu nilijua lile si tumbo la mwezi wa nane. Alinitazama mara moja tu akainamisha macho. Tukamlaza kiti cha nyuma, Abeli akampakata kichwa. Alikuwa ameshatupia na mzigo wao: beseni, vitenge, na begi lililofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

Kushuka ndiko kulikoniogopesha zaidi. Tope lilikuwa linaivuta miguu ya gari huku na huku. Uchungu ulipompata Evelina alikuwa akikanyaga mlango, na mimi nikahisi kila teke kwenye uti wa mgongo. Tulikuwa hatujafika nusu ya milima, tukatumbukia kwenye mfereji uliokuwa umechimbwa na maji katikati ya njia. Gari likapiga chini, likapanda. Sikusikia "tik". Nilisikia "ka!"

Kioo kikawa cheupe.

Nataka niandike kwamba nilishuka. Sikushuka. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikatazama ule weupe. Niliwaza kwamba hii ndiyo ile siku ya mwaka juzi, haikuwahi kuisha, ilikuwa inatungoja hapa tu. Nilimsikia Abeli akitoka, boneti ikifunguka.

"Dada!" Evelina akapiga kelele nyuma. "Dada, shuka! Usiniketie hapo!"

Nikashuka.

Mvuke ulipopungua tukaona. Paipu ya chuma ilikuwa nzima, inang'aa kwenye mvua, haina hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni shingo ya rejeta, ile ya plastiki nyeusi inayovaliwa na paipu. Abeli akaishika injini kwa kitambaa akaisukuma, ikayumba mbele na nyuma, na kila ilipoyumba paipu ikaivuta shingo ile, ufa ukafunguka na kufunga kama mdomo. Hapo nilielewa peke yangu. Injini ilikuwa inacheza siku zote. Mpira wa zamani ulikuwa unacheza nayo. Chuma changu hakikukubali kucheza, kikavuta, kila shimo, tik, tik, mpaka pale. Nami nikasema kibana kikazwe, kikazwe tena.

Nilisema kwa sauti, "Nimemuua."

"Bado hajafa mtu," Abeli akajibu, na alikuwa ameshaanza kufungua ile tyubu ya baiskeli kwenye begi.

Sitasahau mikono yake. Alinipa ncha moja nikaibana kwenye plastiki ya moto, yeye akazungusha, akivuta kila mzunguko kwa nguvu zake zote, akapita juu ya ufa, juu ya kibana, juu ya paipu yenyewe, kipande baada ya kipande, kama mtu anayefunga mguu uliovunjika. Niliungua vidole, sikuachia. Kisha tukachota maji ya mfereji kwa beseni la kujifungulia, tukayachuja kwa kitenge, yakiwa mekundu hivyo hivyo, tukajaza. Akasema mfuniko wa rejeta tusiukaze, tuuweke tu, maji yapumue, maana yakibanwa yatatafuta ufa.

"Umejulia wapi?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi," akasema. "Dereva alijaribu hivyo. Hakuwa na tyubu."

Basi tangu wakati ule alikuwa anatembea na tyubu kwenye kila mzigo, na mimi nilimwona hana akili.

Tulikwenda tukisimama. Mshale unapanda, nasimama, tunajaza, tunakwenda. Wakati fulani Evelina akanyamaza. Hakukanyaga mlango tena.

"Evelina, sema kitu!"

Kimya.

"Nitukane basi!"

"Unaendesha kama bibi harusi," akasema kwa sauti ndogo. Niliendelea kumchokoza, na yeye akaendelea kunitukana, mwendo wangu, nywele zangu, chai yangu ya chumvi, hadi tukaona mabati ya Mpwapwa. Gari likazimikia lenyewe kwenye geti la hospitali. Halijawaka tena na sijali.

Wakamchukua. Tukakaa hapa kwenye benchi, mimi na Abeli, tumelowa, tunanuka kulenti. Sikuweza kusali, nilikuwa nasikiliza tu. Mlango ulipofunguka muuguzi alikuwa na mtoto wa kike, anapiga kelele kwa hasira, na akasema mama yake naye anaendelea vizuri. Abeli akakaa chini sakafuni. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu hofu ilikuwa haijapata taarifa.

Baadaye nikamwambia, "Shemeji, nimekutukana njia nzima kutoka Dodoma."

"Ningekuwa wewe ningetukana pia."

"Kwa nini hukuniambia miezi ya kweli? Ulikuwa mezani kwangu. Ningemchukua Januari. Asingekuwa kule mlimani kabisa."

Akakuna magoti. "Nilikatazwa, shemeji."

"Na nani?"

"Muulize mwenyewe akipata nguvu."

17 Februari, Jumatatu, Mpwapwa

Leo amekaa kitandani, amekunywa uji wote. Abeli alitoka kwenda kufua. Mtoto alikuwa amelala pembeni yake, kafunikwa mpaka kidevuni. Tangu Alhamisi sijampakata. Kila nilipokaribia, Evelina alikuwa anamnyonyesha, au anambadilisha, au amelala usimwamshe, dada. Nilidhani ni bahati mbaya tu.

Nikamuuliza moja kwa moja. Sijui kuuliza kwa kuzunguka.

"Ulificha mwezi. Watu wanaficha, najua. Lakini nani alijua ukweli?"

"Abeli."

"Na nani mwingine?"

Akalainisha shuka kwa kiganja. "Mama mkwe. Majirani wawili. Mwenye duka, maana ndiye mwenye pikipiki."

"Kwa hiyo Kibakwe nzima ilijua."

Akaendelea kulainisha shuka.

"Ulinificha mimi, Evelina. Mimi peke yangu."

"Ndiyo, dada."

Kuna jambo sijaliandika humu tangu Novemba, kwa kuwa sikuona haja ya kukumbushwa kwenye karatasi yangu mwenyewe. Mimi nina miaka arobaini na moja na sijazaa. Nilihangaika hospitali, nikahangaika kwa maombi, na mume akachoka akaondoka. Watu wanajua. Nilikuwa najua kwamba wanajua. Sikujua wanasema nini.

"Ile mimba ya kwanza," Evelina akasema, "ulikuwa unajua kila kitu. Ulikuwa unapiga simu kila asubuhi, ukija unalishika tumbo, unacheka, unaongea nalo. Mtoto alipokufa, watu wakaniambia. Siwezi kukutajia nani. Wakasema jicho la mwenye njaa ya mtoto ni zito, hata kama yeye mwenyewe hataki mabaya."

"Ukaamini."

"Sikuamini." Akaanza kulia, kidogo kidogo, akijizuia kwa ajili ya mshono. "Nakuapia sikuamini, dada. Lakini sikuthubutu kutoamini."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki. Kwa sababu ya kunificha mimi ndiyo maana aliteswa na mlima na tope, na tulibakiza kidogo tu kumpoteza huyu kama yule. Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikafikiri juu ya mtu ambaye amezika mtoto, na anaambiwa kuna kitu kimoja tu afanye ili asizike mwingine, kitu kidogo, kukaa kimya. Hasira ikakosa pa kukaa. Kilichobaki kilikuwa kinauma zaidi.

"Uliniogopa," nikasema.

"Nilikuogopa."

"Na sasa?"

Alimtazama mtoto muda mrefu. Akamfunua shuka, akamnyanyua kwa shida, akaninyooshea.

"Sasa bado naogopa, dada. Mshike."

Nikanyoosha mikono, na nikafumba macho. Sikupanga, yalifumba yenyewe. Nikamhisi amekaa mikononi, mzito kuliko nilivyodhani, wa moto, anageuza kichwa kutafuta kitu kifuani kwangu. Nikasimama hivyo hivyo gizani, naogopa kumdhuru.

"Dada," Evelina akasema. "Fumbua. Mtazame."

Nikafumbua, nikamtazama.